Nyama ya Kampuni na Ng'ombe wa Kavoi

Gathoni, mama yake Nderitu, alikuwa mjane mwenye bucha Kawangware, na bucha hiyo ilisimama kwa sababu ya mtu mmoja: Kavoi, Mkamba wa Kibera, aliyekuwa akinunua ng'ombe kwa Wamaasai wa mpakani na kuwaswaga hadi Nairobi. Tangu mume wa Gathoni afariki, Kavoi hakuwahi kumletea ng'ombe mgonjwa wala kumpunja kwa vile hana mwanamume wa kumtetea.

Mpaka wa Tanzania ulipofungwa, biashara iliyumba, lakini Kavoi aliendelea kununua upande huu wa Kenya. Kisha ikaja amri: ng'ombe yeyote anayetoka pande hizo azuiliwe njiani, eti kuna ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe wa Kavoi wakafungiwa katika boma la karantini kando ya barabara ya Namanga, mahali pasipo nyasi wala maji ya kutosha. Kila alipouliza watapimwa lini, aliambiwa daktari hajafika.

Bucha ya Gathoni ikabaki ndoano tupu. Ndipo Githinji, mwenyekiti wa wenye bucha, alipomjia.

"Mama Nderitu, kuna kampuni imepewa kibali. Nyama inakuja na lori, imeshagongwa muhuri. Wewe pokea tu. Hayo mambo ya karantini tuwaachie wakubwa."

Gathoni alipokea. Watoto hawali huruma. Lakini asubuhi moja alimuuliza dereva wa lori ng'ombe hao hununuliwa wapi, na dereva akamjibu bila kuficha, kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni: kulekule mpakani, na wengine hata ng'ambo ya mpaka. Tofauti ni kwamba kampuni ina kibali.

Jumamosi Kavoi akapita. Alikuwa amekonda, na viatu vyake vimejaa vumbi la Kajiado. Aliitazama nyama iliyotundikwa, kisha akamtazama Gathoni.

"Naona biashara imerudi, Mama Nderitu."

"Imerudi kidogo. Ng'ombe wako je?"

"Wawili wamekufa. Yule dume mwekundu hawezi kusimama. Si ugonjwa, ni kiu." "Haya, nisikucheleweshee wateja."

Akaenda zake. Hakulaumu, hakuuliza nyama imetoka wapi. Afadhali angemtukana. Siku nzima Gathoni alipima nyama huku hasikii wateja wanasema nini.

Jumatano iliyofuata D.O., mkuu wa tarafa, alikuja kwa baraza karibu na kituo cha Satellite. Wenye bucha walikuwa wamekubaliana kwamba Githinji ndiye atakayesema kuhusu karantini. Githinji alisimama, akashukuru serikali kwa barabara, akashukuru kwa usalama, akashukuru kwa kulinda afya ya wananchi, akaketi. Watu wakapiga makofi.

Gathoni akajikuta amesimama. Alishikilia bega la Wangoi, jirani yake mwenye bucha pia.

"Bwana D.O., mwenyekiti amesahau neno. Kuna ng'ombe wanakufa kiu Namanga Road kwa sababu wenye ng'ombe hao ni watu wadogo. Wanaambiwa ng'ombe ni wagonjwa na hakuna aliyewapima. Na malori ya kampuni yanatoka huko huko na kupita."

"Mama, wewe umejuaje yanatoka huko?"

"Kwa sababu hiyo nyama ninaiuza mimi."

Githinji alikuwa akimkonyeza aketi.

"Unataka kuniambia unauza nyama mbaya?" D.O. akauliza.

"Nyama ni nzuri, bwana. Hata ng'ombe wa Kavoi ni wazuri. Kama kuna ugonjwa, uzuie wote. Kama hakuna, wote wapite. Ugonjwa hausomi kibali."

Mtu mmoja alicheka huko nyuma. Kisha Wangoi akasimama, akasema polepole kwamba yeye pia anauza ya lori hilohilo. Wengine wakainama kama wanaotafuta kitu chini. D.O. akasema jambo hilo litaangaliwa, akafunga baraza.

Liliangaliwa kwa njia mbili. Ijumaa, watu wa afya walifunga bucha ya Gathoni, wakasema mfereji wake wa maji machafu haufai, ingawa mfereji huo ulikuwa vilevile tangu enzi za mumewe. Na wiki hiyohiyo daktari wa mifugo alifika karantini, akapima ng'ombe wa Kavoi na wa wenzake, asione ugonjwa wowote, akawaachilia. Dume mwekundu alikuwa ameshakufa. Amri yenyewe haikuondolewa, na malori ya kampuni hayakuacha kupita, ila tangu hapo wachuuzi wadogo waliweza kudai wapimiwe ng'ombe wao.

Wangoi alimpa Gathoni nusu ya meza yake auzie hapo mpaka bucha ifunguliwe. Hapo ndipo Kavoi alipomkuta, akiwa amenyoa ndevu.

"Nimesikia ulichosema," akamwambia. "Nimesikia pia walichokufanyia."

"Nilikaa kimya sana kwanza, Kavoi."

"Najua." Alivua kofia, akaivaa tena. "Nilikuwa nimeamua kurudi Kitui nikalime. Lakini kesho naenda Kajiado. Nikuletee dume ama mtamba?"

Gathoni alifuta mikono kwenye aproni, akageuza uso kidogo ili machozi yasionekane.

"Lete yeyote," akasema, "bora afike akitembea."