Sala ya Kitanda cha Sita

Vumbi lilielea katika mwanga wa dirisha la wodi, jeupe, jepesi, nami nimesimama mlangoni, Biblia mkononi, kitambulisho kipya kifuani. Miaka ishirini nimekaa nyuma ya cherehani. Najua pindo, najua mshono wa bega, najua kola inayokataa kulala. Mgonjwa anaambiwa nini, sijui.

"Dada yangu, wewe omba tu," mchungaji aliniambia aliponikabidhi huduma ya wagonjwa. "Maneno yatakuja yenyewe."

Basi niliomba, Bwana. Niliomba ngazini, niliomba koridoni, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kushika.

Ukanipeleka kitanda cha sita.

Alilala chali, mashavu yameingia ndani, mpira wa hewa puani. Nilimjua kabla sijasoma jina. Ni yule mkandarasi. Yule aliyeupunja ukuta saruji, ukuta ukamwangukia mume wangu, fundi mwashi, mchana kweupe. Yule aliyesimama mahakamani, Biblia mkononi, akaapa kwamba marehemu alikuja kazini amelewa. Mume wangu, ambaye pombe hakuwahi kuitia mdomoni! Watu wakaamini. Binti yangu akaitwa mtoto wa mlevi, shuleni, dukani, hata kanisani.

Miaka saba, Bwana, unajua nilivyokuomba. Nilikuomba umvunje mfupa kwa mfupa. Nilikuomba akose usingizi, akose hamu, akose wa kumpa maji. Niliomba nikishona, sindano ikishuka, jina lake likishuka nayo.

"Mama mchungaji," alisema. Hakunitambua. "Naogopa. Niombee."

"Mimi si mchungaji. Mimi ni mke wa yule mwashi uliyemwita mlevi."

Akafumba macho. Akataka kugeukia ukutani, mwili ukamgomea. Nikamshika mkono. Sikuushika kwa upendo, Bwana, nawe ulikuwepo. Niliushika kama mtu anavyomshika mwizi.

Nikaomba kwa sauti, wodi nzima ikanisikia. "Bwana, usimchukue. Usimfungulie mlango wa kutorokea. Mpe pumzi. Mpe kesho, mpe keshokutwa. Mrudishie sauti kifuani, iwe kubwa, iwafikie wote waliomsikia siku ile. Na mpaka aseme kweli, usimpe raha. Amina."

"Amina!" akaitikia bibi wa kitanda cha pili, kwa moyo wote.

Kesho yake nikarudi, nikaomba yale yale. Siku ya tatu vilevile.

"Umemng'ang'ania kweli mgonjwa wako," muuguzi akanisifu.

"Simwachii," nikamjibu.

Siku ya nne nilikuta kitanda kimezungukwa. Wanawe wawili, mchungaji wangu, na msimamizi wa zamani wa ule ujenzi. Mkandarasi ameegemezwa mito. Mwenyewe ndiye aliyeagiza waitwe.

"Yule mwashi hakuwa amelewa," alisema. "Saruji niliipunguza mimi. Kisha nikamsingizia maiti."

"Baba, umechoka," mwanawe mkubwa akamkatiza. "Nyamaza upumzike."

"Asinyamaze," nikasema. "Arudie. Na iandikwe."

Akarudia. Msimamizi akaandika, kichwa chini, asithubutu kunitazama. Mkandarasi akatia sahihi, kisha akaniuliza, "Sasa umenisamehe?"

"Bado. Hilo ndilo nitakaloanza kuliomba leo."

Mchungaji alinifuata koridoni. "Dada, hiyo nayo ni sala gani?"

"Ndiyo niliyokuwa nayo, mchungaji. Ulisema maneno yatakuja."

Nyumbani nilimpa binti yangu nakala ya ile karatasi. Aliisoma amesimama, midomo ikicheza. Akaisoma tena. Akaikunja taratibu, akaitia kwenye begi la shule, katikati ya madaftari.

"Kesho naisoma mbele ya darasa zima," alisema.

Nilipaswa kumwambia neno la upole, mimi mtumishi mpya wa faraja.

"Isome kwa sauti," nikamwambia.