Sanduku la Kavinya

Mimi ndiye niliyempangia dada yangu Kavinya sanduku, na nililipanga vizuri, asikudanganye mtu. Alikuwa anaenda Ujerumani mwezi wa kwanza, kwenye baridi yenyewe, kujitolea mwaka mzima kuhudumia wazee. Wenyeji walikuwa wameshamwambia nguo za baridi ajiletee mwenyewe. Na kifua cha Kavinya ni kibovu tangu utotoni. Nikazunguka soko la mitumba la Gikomba mpaka nikapata jaketi zito, buti na soksi za sufu. Nikapima, uzito ukafika pale pale ndege inaporuhusu. Nikafunga zipu.

Halafu mama akaita watu wa maombi. Hapa Makongeni mtu akisikia unapanda ndege, haji kukuaga mikono mitupu. Mama Mbugua, jirani yetu, alileta unga na dagaa wa omena wa kumpelekea mwanawe aliye huko Ujerumani. Mjomba Wathome akaja na simba wa mti aliyemchonga mwenyewe, mzito kama jiwe la kusagia, eti kuna Mzungu aliahidi kumnunua.

"Sanduku limejaa," nikasema.

"Ndinda, funga mdomo!" Mama akalifungua mbele ya wageni. "Unataka waseme tunaringa kwa sababu mtoto wetu anaenda majuu?"

Akatoa buti. Akatoa jaketi, akanirushia usoni.

"Basi alivae mwilini!" nikapiga kelele.

"Aende uwanja wa ndege amevaa kama soja wa usiku? Utuaibishe hivyo?"

"Mama, huko kuna theluji," Kavinya akasema polepole.

Mama Mbugua akacheka. "Kwani Wazungu si watu? Utapewa huko huko."

Wakaomba, wakaimba, wakanywa chai. Mimi nililia kwa hasira na hakuna aliyenitazama.

Haukuisha mwezi, Kavinya akalazwa. Homa ya mapafu. Wenyeji walimnunulia jaketi, lakini wakati huo alikuwa ameshaanza kutema damu. Daktari akasema hafai kazi ile, nafasi yake akapewa mwingine, naye akarudishwa nyumbani. Nafasi ambayo aliiomba miaka na miaka, jamani!

Watu wa maombi wakaja tena. Kavinya alikuwa amelala kwenye kochi, pumzi inakwama kifuani. Mjomba akataka kujua kama simba alinunuliwa. Mama Mbugua akamshika mkono. "Pole sana, mwanangu," akasema, kisha akainama karibu naye. "Na Mbugua hakukupa kitu uniletee?"

Kavinya akatikisa kichwa.

Hapo ndipo aibu ilipomshika mama. Akamgeukia mgonjwa, akasonya.

"Kweli, Kavinya? Ujerumani yote hiyo, ukakosa hata sabuni ya kugawia watu?"

Na dada yangu, mjinga wangu huyo, akajikokota akaketi, akamwomba msamaha.