Pindo la Gauni Chini ya Bahari

Mama yangu aliwafundisha watoto wote wa ukoo wetu amri moja kuhusu maji: yakikuchukua, mkamate aliye karibu, usimwachie mpaka ukanyage nchi kavu. Anaishi Magomeni, Kilosa, na Mto Mkondoa umewahi kuingia sebuleni kwake bila kupiga hodi. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Sikuwa na hoja ya kuipinga amri hiyo.

Kwa hiyo mke wangu, Perpetua, alipotaka familia ipigwe picha chini ya bahari, nilimuuliza kama nchi kavu imeishiwa mwanga. Kumbe alikwisha kuzungumza na Katarina, mpiga picha wa Dar es Salaam anayeifanya kazi hiyo, naye alikuwa na sharti: hampeleki mtu baharini kabla ya kumjaribu bwawani. Alipokuja Mikumi kikazi, alituita kwenye bwawa la hoteli aliyofikia.

Binti yetu Loveth, mwenye miaka saba, alizama nami vizuri. Katarina alipoashiria tuachane, mtoto alinikaba shingo. Niliibuka naye nikikohoa.

"Mwalimu, hapo tayari maiti wawili," alisema Katarina. "Asipoachia, simchukui."

"Bibi kasema nisiachie," Loveth alijibu.

"Bibi yako anaujua mto. Mimi naijua bahari. Achia, hesabu mpaka tano, panda."

Aliachia katika jaribio la tisa. Nilikuwa nimeomba ashindwe.

Wiki mbili baadaye tulipanda treni kwenda Dar es Salaam, kisha boti. Kina kilikuwa mita tatu. Nilitafuta kasoro katika kamba, katika boti, katika uso wa mzamiaji ambaye angetusubiri chini na mtungi wa hewa. Sikuipata, na hilo likanizidishia hofu.

Tulizama. Katarina, nyuma ya kamera iliyofungwa ndani ya kasha lake, alifungua kiganja. Perpetua akaachia. Loveth akaachia. Nilimwona akihesabu kwa vidole mpaka tano, kisha akapiga miguu ili apande.

Hakupanda. Alirudishwa chini ghafla, macho wazi, viputo vikimtoka puani. Nilitafuta kilichomnasa. Nililifuata pindo la gauni lake kwa macho mpaka likaishia ndani ya ngumi yangu.

Niliiamuru ifunguke. Haikufunguka. Mzamiaji alikuwa akija, lakini Katarina aliwahi; aliiachia kamera, akanibandua vidole kimoja kimoja. Loveth akapanda.

Nilimkuta juu akitema maji ya chumvi.

"Baba, mimi nimeachia! Mbona wewe huachii?"

"Mwalimu," alisema Katarina, akihema, "wa kujaribiwa bwawani ulikuwa wewe."

Kwenye treni ya kurudi, Perpetua alimketisha Loveth dirishani, akakaa yeye katikati yetu.

Picha iliyotoka vizuri ni moja, na Perpetua aliitundika ukutani. Ndani yake mama na mtoto wametandaza mikono. Mimi nimetoa macho, nimeng'ang'ania pindo.

Mama yangu alikuja kuitazama. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, kwa kuwa alikwisha kuisogelea picha.

"Huyu ndiye pekee aliyenisikia," alisema, akigusa ngumi yangu kwenye kioo.

Loveth, aliyekuwa amesimama kando yangu, alikusanya pindo la sketi yake mbali na mkono wangu, akalishika mwenyewe.