Kipochi chenye Bitana ya Kijani

Hakimu alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono kaitandaza, joho lake jipya jeusi likiwa bado limeshikwa na mishono ya muda. Mimi nilikuwa nimepiga magoti miguuni pake nikilisawazisha pindo. Niliinua uso kumwambia ageuke kidogo, naye akanitazama kwa utulivu, akasema kwa sauti ambayo nadhani ndiyo anayoitumia kortini:

"Fundi, meno yako yana rangi ya bluu."

Nilifumba mdomo papo hapo. Nilikuwa na uzoefu wa miaka thelathini na mitatu wa kuufumba, hivyo hilo halikunipa shida. Kwenye cherehani ya dirishani, dada yangu aliacha kukanyaga.

Lakini habari hii inaanzia kwenye pini.

Mafundi wengi hushika pini midomoni wanapompima mteja. Mimi nilizishika hata pasipokuwa na nguo ya kupima. Mteja akibisha hodi tu, nilikuwa nimeshatia nne kati ya midomo. Mtu mwenye pini mdomoni haombwi kutabasamu wala kupiga soga, akiguna inatosha, watu watasema ana bidii ya kazi. Maneno yote nilimwachia dada, ambaye alijaliwa ulimi wa kutosha watu wawili na akabakiwa na akiba. Meno yangu ya mbele yalikuwa yamepandana, na moja lilijitokeza mbele ya wenzake kama mtu anayeruka foleni. Nilicheka mkono uko mdomoni, na kwenye sherehe za watu nilikaa safu ya nyuma.

Juu ya meza ya pasi kulikuwa na picha yetu ya zamani, mimi nina miaka kumi na mmoja na dada ana kumi na mitano. Yeye anacheka kwa meno yote. Mimi nimebana midomo utadhani nimejaza maji. Mpiga picha alikuwa ameshahesabu moja na mbili, ndipo dada akaninong'oneza, "Funga mdomo, utaiharibu picha." Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama dada mkubwa anavyomwambia mdogo wake avute soksi. Nikaufunga, nikasahau kuufungua.

Nilipofika miaka arobaini na minne nilikwenda kung'oa gego, nikatoka na miadi ya kuwekwa vyuma vya meno. Sikupanga. Daktari aliniuliza, "Haya ya mbele hujawahi kufikiria kuyanyoosha?" nami nikajisikia nikijibu kwamba sikuwahi kufikiria jambo jingine. Aliniwekea vyuma, akanipa orodha ya masharti. La kwanza, aliposikia kazi yangu, lilikuwa kwamba pini marufuku mdomoni.

"Kwa umri huu?" dada alishangaa nilipofungua mdomo kumwonyesha. "Wenzako wanatafuta meno ya bandia, wewe unayatia pingu uliyo nayo?" Tangu siku hiyo akaniita Bibi Reli. Nikichelewa asubuhi aliuliza kama treni imeharibika njiani. Nilicheka naye, mkono mdomoni kama kawaida.

Kilichonishinda ni usafi. Chakula hukwama kwenye vile vyuma vidogo, na mtu asipokitoa kila baada ya kula, hali huharibika upesi. Daktari alinipa mswaki wa kukunja unaoingia mfukoni, vibrashi vyembamba vya kupita chini ya waya, uzi wa meno na kitanzi cha plastiki cha kuupitishia, na kikopo cha vijiti vya nta nyeupe ya kufunika waya unapochoma shavu. Vitu vidogo vidogo, vyepesi, vya mtu anayekwenda kazini. Vile vibrashi vilinichekesha, maana havikuwa na tofauti kubwa na kibrashi tunachotolea vumbi la nyuzi ndani ya cherehani.

Ila choo chetu kilikuwa mwisho wa ukumbi, tukikitumia pamoja na watu wa saluni na wachapaji wa kadi. Mbele ya kioo chake daima kulikuwa na mtu anayejipaka kitu. Nisimame hapo, mwanamke mzima, nijichokonoe waya hizi mbele ya wasichana wa saluni? Niliona haya. Nikavificha vitu vyangu vyote kwenye mkebe wa bati wa vifungo, chini ya rafu, na baada ya chakula nikawa nasukutua kwa chai iliyobaki kikombeni, nikijidanganya kwamba nitapiga mswaki vizuri nikifika nyumbani.

Mwezi wa sita tangu niwekwe vyuma, fizi zilikuwa zimevimba na zikitoa damu zikiguswa tu. Daktari alinikagua, kisha akavua glavu.

"Nakupa wiki nne," alisema. "Nikikuta hali hii tena, naviondoa vyuma. Siwezi kukunyooshea meno ili yaoze yakiwa yamenyooka."

Nililia kwenye ngazi za zahanati ile, nikisingizia mafua kila mtu aliponipita. Mambo makubwa sikuyataka mimi. Nilitaka kucheka mbele za watu mdomo ukiwa wazi, walau mara moja kabla sijafika hamsini, na sasa hata hilo nilikuwa nalipoteza kwa ajili ya kuogopa kioo cha choo. Dada sikumwambia kitu. Niliogopa angesema kwamba alishaniambia.

Wiki ya pili ya zile nne ndipo hakimu alipokuja kujaribu joho. Alikuwa anaapishwa Jumatatu. Asubuhi ile ncha ya waya ilikuwa imechomoka na kunikwaruza shavu, nikawa nangoja upenyo wa kuifunika. Niliposikia viatu vyake ukumbini, nilipiga mbizi kwenye bati la vifungo, nikakamata kipande cha nta bila kutazama, nikamega, nikabandika kwenye meno, nikainuka na uso wa mtu mwenye adabu zake.

Nisichojua ni kwamba dada alishapita humo kabla yangu. Alikuwa anashona vifungo vya kola ya joho lilelile, na kwa vifungo uzi hupitishwa kwanza kwenye nta ili usijisokote. Nta yetu ya kazini ilikuwa donge kuukuu lililolala na chaki miaka nenda rudi, limejaa vumbi la bluu na vipande vya nyuzi. Aliona kwenye bati kijiti cheupe, safi, laini, akafurahi, akakitumia. Lile donge akalitupia humo humo.

Basi ndivyo nilivyopiga magoti mbele ya hakimu na mdomo wa bluu.

"Ni... ni nta, Mheshimiwa," nilisema kupitia midomo iliyobanwa.

Dada aliokota kitu kando ya cherehani, akainua mkono. Kati ya vidole vyake kulikuwa na kijiti changu cheupe, kimechorwa mifereji na uzi mweusi. "Kwani hii si ya uzi?"

"Hiyo ni ya meno yangu!"

Dada alilitazama joho. "Basi, Mheshimiwa, vifungo vyako vya shingoni vimeshonwa kwa nta ya meno."

Hakimu alifikiri kidogo, mikono bado kaitandaza. "Sawa," alisema. "Angalau havitaoza."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka tumboni bila ruhusa, na nilipotaka kuuleta mkono mdomoni, mkono haukuwepo. Wa kushoto ulikuwa umeshika pindo, wa kulia umejaa pini, zile ambazo zamani zingekuwa midomoni. Sikuwa na cha kujifunikia. Nilicheka hivyohivyo, na vyuma vyangu, na nta ya bluu, na nyuzi zilizonata humo, mpaka machozi yakanitoka. Hakimu naye akacheka, kigoda kikatikisika, tukalazimika kupima pindo upya. Dada hakucheka sana. Alikuwa ananitazama mdomoni.

Mteja alipoondoka, dada alilimwaga lile bati kwenye meza ya kukatia. Akavitenga vitu vyangu na vifungo, kimoja kimoja, akavipanga mstari.

"Hivi vinafanya nini humu?"

Nikamweleza yote: wasichana wa saluni, chai ya kusukutulia, damu, wiki nne ambazo sasa zilikuwa mbili. Nilingoja utani. Alichukua futi akakipima kibrashi urefu, kisha mswaki, kisha kikopo cha nta, akaandika kwenye ukingo wa karatasi ya mchoro, akarudi kwenye cherehani yake.

Kesho yake nilikuta kipochi juu ya kiti changu. Nje kilikuwa cha kipande kilichobaki kwenye joho la hakimu, ndani bitana ya kijani. Kila kitu kilikuwa na mfuko wake, kimeshonewa kwa kipimo chake. Mfuko wa mswaki alikuwa ameutengeneza kwa kitambaa cha koti la mvua, ili unyevu usipite. Kioo kidogo alikuwa amekishonea kwenye kifuniko, na pembeni akaacha kitanzi cha kukitundikia kipochi kwenye mfereji wa maji wa chooni. Mshono wake wa mkono ulikuwa mdogo mno hata nikakisogeza dirishani kuuona. Nikavitia vitu vyangu humo, kila kimoja mfukoni mwake.

"Twende," alisema baada ya chakula, akaja kusimama mlangoni mwa choo, mikono kiunoni. Msichana mmoja wa saluni alipochungulia, dada akamwambia, "Ngoja kidogo, binti, fundi yuko kazini." Yule akangoja. Hakuna aliyecheka.

Tuliporudi aliwasha taa ya kukagulia nguo, ile tunayosakia nyuzi zilizosahauliwa, akainamisha shingo ya taa hadi usoni pangu.

"Fungua."

Nikafungua.

"Hapa umeacha. Na hapa. Hii kazi ya mwanagenzi, rudia."

Alinikagua hivyo kila siku, kabla ya cherehani za mchana kuanza. Wiki ya nne daktari alizibonyeza fizi huku na huku, damu haikutoka. Aliniuliza ni nani anayenisimamia, nikamwambia ni fundi mwenzangu. "Mwambie vyuma vinabaki," alisema.

Kuna siku moja, miezi mingi baadaye, taa ikiwa usoni pangu na kibrashi kikiwa mkononi mwa dada, aliacha kukagua. Macho yake yalikuwa yamekwenda juu ya meza ya pasi.

"Siku ya picha ile," alisema, "nilikwambia nini vile?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi mpaka mwisho. Nisingeweza kumjibu.

"Usijibu," akasema. "Nakumbuka." Akaisogeza taa kidogo, akatazama tena, taratibu. "Huku safi. Na huku pia."

Sasa ni mwaka wa pili tangu vyuma vitolewe. Pini nimezihamishia kwenye mto mdogo wa kuchomekea ninaouvaa mkononi na hazikurudi mdomoni. Wateja wananiona mwongeaji, jambo linalomkera dada, maana amezoea uwanja wote uwe wake. Kipochi kimechakaa pembeni, lakini mswaki na uzi bado vimo, na kila baada ya chakula nakitundika kwenye mfereji, wasichana wa saluni wakinisogelea kuomba nafasi.

Nikirudi, dada huwa ameshavaa miwani yake na kuwasha taa. Hakuna waya tena wa kukagua, na sote wawili tunajua.

"Fungua," husema.

Nami nafungua.