Siku Tisa Wodini

Fundi cherehani aliingia ofisi ya mwalimu mkuu bila hodi, nyuzi bado zimemng'ang'ania kwenye gauni.

"Nimekuja kuhusu binti yangu."

"Mabinti hapa ni elfu moja na ushee, mama. Yupi?"

Akamtajia jina na darasa. Mwalimu mkuu akafungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye mstari. "Hajakosa hata siku moja mwezi huu. Jana alikuwepo."

"Jana alikuwa wodini ametundikiwa dripu! Amekonda mpaka akadondoka, leo siku ya tisa!"

Kidole kikasimama. Kisha mwalimu mkuu akakunja uso. "Darasa lina wanafunzi mia na saba. Ulitaka mwalimu awakague mmoja mmoja?"

"Nilitaka ajue kama yupo au hayupo."

"Na wewe mama mtu, mtoto anakonda mpaka anadondoka, hukuona?"

Hapo palimchoma. Aliona. Aliuliza pia, binti akamjibu kwa mkato kwamba anakula shuleni. Wodini ndiko binti alikomwaga yote: foleni ya chakula ilizunguka bwalo zima, wakubwa wakimsukuma nyuma, kengele ikilia kabla hajafika mbele, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyejua sura yake. Muhula mzima alishindia maji ya bomba.

"Andika barua ya uhamisho," fundi akasema. "Siondoki hapa."

Alikaa mpaka akaipata. Mwalimu mkuu aliigonga muhuri kama mtu anayeua mende.

Shule mpya ilikuwa na madarasa manne tu. Wiki ya pili mwalimu wa zamu alimpigia fundi simu: binti hajamaliza chakula leo, kuna tatizo? Fundi alifurahi nusura alie. Binti alirudi nyumbani amefura.

"Mama, kule hata nikipiga chafya wanauliza! Nachungwa kama mbuzi! Nani alikuomba unihamishe?"

"Bora uchungwe."

"Nakuchukia."

Alisema hivyo amesimama mlangoni, mashavu yameanza kujaa tena. Fundi alimpakulia, akaweka sahani mezani, akarudi kwenye cherehani yake. Binti alivuta kiti kwa kishindo, akampa mama yake mgongo, akaanza kula kwa hasira, kijiko baada ya kijiko. Fundi hakuthubutu kukanyaga pedali, asije akamkatiza.