Bushi ya Kati

Mimi Mwinyihaji, fundi wa magari hapa Kisauni, sina subira na watu wasiotia oili. Mwaka wa sitini na moja gari kuukuu la mteja wangu Baya, nililolitengeneza wiki moja tu nyuma, liligoma kwenye daraja la Nyali, injini imeshikana. Mkewe Kache alikuwa ndani, na uchungu wa uzazi. Alifia papo hapo, na mtoto tumboni.

Nilimfokea Baya matangani, mbele ya wakweze. "Nilikwambia utie oili!"

"Nilitia, fundi," akajibu, kichwa chini.

Siku ya tatu nikaifungua injini. Oili ilikuwa tele, safi kama asali, lakini kemshafti, ule mtaimbo unaozunguka ndani ya injini, imeungua. Kila bushi, pete ya chuma inayoishika, ina tundu, na tundu hilo lazima lielekeane na njia ya oili, ili oili ipite. Bushi ya kati niliigongomea mwenyewe, kwa hasira zangu, nikigombana na mteja mwingine. Tundu lake lilitazama chuma kitupu.

Baya akaingia. "Nisamehe, fundi. Labda nilitia kidogo."

Nikaifumbata bushi kiganjani.

"Muombe Mungu," nikamwambia. "Yeye ndiye wa kukusamehe."