Kosa la Mama Bernadeta

Kama ulibatizwa, ukafunga ndoa au ukazikwa katika parokia ile ya Igogo kati ya mwaka 1968 na 1999, jina lako lilipita mikononi mwa Mama Bernadeta, na lilipita likiwa limeandikwa sawasawa. Alikuwa karani wa parokia, Mhaya wa Kagera aliyeshuka Mwanza na taipureta yake ndani ya sanduku la mbao, na sifa yake kubwa ilikuwa moja: hakosei. Watu wawili wakibishana juu ya tarehe ya ubatizo, wa tatu aliumaliza ubishi kwa kusema, "Iliandikwa na Bernadeta." Mwenyewe aliyasikia hayo akajifanya hayasikii, lakini tusidanganyane, aliyapenda kupita kiasi.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa vijitabu vya kukunja. Kwa asiyejua, karatasi ikikunjwa katikati na kuingizwa ndani ya nyingine ili kupata kijitabu, ukurasa wa kwanza haukai jirani na wa pili. Katika kijitabu cha kurasa thelathini na mbili, wa kwanza unalala karatasi moja na wa thelathini na mbili, wa pili unalala na wa thelathini na moja, hivyo hivyo mpaka katikati. Enzi za stensili, karatasi ile ya nta iliyochapwa kwa taipureta kisha ikarudufishwa kwa wino, hapakuwa na mchezo, maana stensili ukishaichapa umeichapa. Bernadeta alichapa kurasa moja kwa moja kwa mpangilio wa mkunjo, akizitaja chini chini kama anayesali rozari: thelathini na mbili, moja, mbili, thelathini na moja, thelathini, tatu, nne, ishirini na tisa. Namba zenyewe aliziandika mwishoni kabisa, kwa mkono, kazi ikishakauka.

Mwaka 1999 parokia ilitimiza miaka hamsini, na Padre Jovinary, paroko, akataka kitabu cha Jubilei chenye historia, sala, majina ya wanandoa wa mwaka ule na majina ya marehemu. Wakati huo ofisi ilikuwa imepata kompyuta kutoka kwa marafiki wa Ulaya. Wengi walidhani mama wa miaka hamsini na minane ataikimbia. Wapi! Alikwenda mafunzo wiki mbili, akarudi, akaifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na kwa mwezi mzima akachapa kitabu cha Jubilei ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa amekwisha kumwambia Padre kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na alitaka iwe safi kuliko zote.

Disketi aliipeleka Mkuyuni, kwenye kiwanda cha uchapaji cha Pius Maige. Pius alikuwa mtu wa herufi za risasi zinazopangwa moja moja kwa mkono, aliyekulia kwenye wino, lakini tangu soko huria liingie kila mwenye mashine alifungua duka, naye akaona asipobadilika atabaki anachapa kadi za harusi tu. Akaagiza kompyuta, na pamoja nayo akamwajiri Suzana, binti wa Machibya wa Misungwi. Mzee Machibya, kama kila mteja alivyosimuliwa, alikuwa ameuza dume lake zuri la ng'ombe ili binti yake akasome Dar es Salaam miezi sita, na alichokisoma huko ni programu ile ya PDF. Suzana alipenda kuwaeleza wateja kwamba programu hiyo inafunga maandishi, picha na herufi zake zote ndani ya faili moja, kisha inazipanga kurasa yenyewe, tayari kwa mkunjo. Pius alikuwa akiitikia kwa kichwa. Hakuiamini hata kidogo.

Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya Jubilei, Padre na Bernadeta walikwenda kuangalia kazi. Nakala mia mbili zilikuwa tayari zimechapwa, zimekunjwa na kupigwa pini.

"Tumsifu Yesu Kristo," Padre alisema mlangoni.

"Milele, amina. Karibu Padre," Pius alijibu. "Mama Bernadeta, shikamoo. Njoo uone uzuri."

Kitabu kilipendeza kweli. Mbele kabisa msalaba, ukifunua unakuta jina la parokia, kisha salamu za askofu, na chini ya kila ukurasa namba iliyokaa katikati kama imepimwa na fundi. Padre alifunua huku akitabasamu, akitazama uzuri kuliko maneno. Alipofika ukurasa wa kumi, tabasamu likamkauka.

"Mama Bernadeta, Kashindye amekufa lini?"

"Kashindye gani, Padre?"

"Huyu wa kwaya. Aliyemwoa Dorotea Pasaka hii. Yuko hapa kwa marehemu, yeye na mkewe."

Bernadeta alimnyang'anya paroko kitabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Ukurasa wa tisa ulikuwa na kichwa kikubwa, Marehemu Wetu Tuwaombee, na wa kumi ukaendelea na maharusi wote wa mwaka, kwa furaha tele. Akarudi nyuma. Chini ya kichwa cha wanandoa, majina yalianza vizuri, kisha ukurasa uliofuata akamkuta Mzee Kija, aliyezikwa mwaka sabini na tano, na wenzake kumi na tisa wa kaburini. Kutoka majina ya kamati kitabu kiliruka mpaka sala ya kufunga, kikarudi kwenye historia ya wamisionari, kikapotea tena.

"Nilisema mimi!" Pius alipiga meza. "Nilisema hii programu itaniaibisha siku moja. Suzana! Umefanya nini?"

Suzana aliinuka kwenye kompyuta, uso umemshuka. "Bosi, programu haichanganyi. Imepanga kama faili lilivyokuja. Mimi nimeongeza namba tu, maana hazikuwepo."

"Lilivyokuja kutoka kwa nani? Kutoka kwa Mama Bernadeta? Unamjua Mama Bernadeta wewe?"

"Simjui sana, bosi."

"Basi waulize watu wa Igogo! Miaka thelathini na moja hajakosea hata nukta. Halafu wewe, wa juzi, uje uniambie faili lilikuja limevurugika?" Pius alivua miwani, akaivaa tena. "Chukua vitu vyako, dada. Jumatatu nitatafuta mwingine."

Padre alijaribu kutuliza, lakini Pius alikuwa amepandwa na jazba. Ikabidi Bernadeta naye aseme neno, na neno alilolisema lilimwuma baadaye kuliko yote ya siku ile. Alisema, "Vijana wa siku hizi mnaiachia mashine iwafikirie."

Suzana alianza kukusanya vitu vyake mezani: sweta, kikombe, na kitabu cha maelekezo ya programu alichokuwa amekivalisha jalada la kaki kama daftari la shule.

Bernadeta alivuta kiti, akang'oa pini kwenye nakala moja ili apange kurasa upya na Pius apate mfano wa kufuata. Alichukua kalamu, na kwa kuwa alikijua kitabu chake kwa moyo, kila ukurasa aliuandikia namba yake ya kweli, karibu na ile ya Suzana. Msalaba, huo ni wa jalada la nyuma, thelathini na mbili. Jina la parokia, moja. Salamu za askofu, mbili. Majina ya kamati, thelathini na moja. Sala ya kufunga, thelathini. Wamisionari, tatu. Midomo yake ilikuwa ikizitaja namba bila yeye kuituma. Nne. Ishirini na tisa.

Kalamu ikasimama.

Alikuwa anausikia wimbo wake mwenyewe. Mwezi mzima, mbele ya kompyuta, mikono yake ilikuwa imechapa stensili. Haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba kwenye kompyuta angechapa moja, mbili, tatu kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa amekunja kitabu kabla hakijafika kwa mkunjaji, programu nayo ikakikunja mara ya pili. Na kwa kuwa msalaba ulitangulia na jina la parokia likafuata, yeyote aliyefungua faili angeona limeanza vizuri. Hata namba, ambazo zingemstua Suzana, hakuziweka, kwa sababu namba huwekwa mwishoni.

Alihisi joto limempanda mpaka masikioni. Aliinuka, akasema anakwenda kununua maji, akatoka. Kibandani aliuziwa maji, akayashika bila kuyanywa. Wenye mikokoteni walimpigia kelele apishe njia, akapisha. Hakuna aliyejua. Padre hajui stensili, Pius alikuwa mtu wa risasi, na yule binti alizaliwa dunia nyingine. Akinyamaza, kitabu kitachapwa upya, Jubilei itapita, naye atastaafu akiwa Bernadeta yule yule. Mawazo hayo yalikuwa matamu, asikudanganye mtu. Ila kila alipoyaonja alimwona Mzee Machibya akipokea habari kwamba dume lake limepotea bure. Akarudi ndani kwa hatua za haraka, kabla utamu haujamzidi nguvu.

"Kosa ni langu," alisema.

Pius hata hakugeuka. "Mama, usimkingie kifua."

"Simkingii kifua mtu. Faili nimelivuruga mimi, kwa mikono yangu."

"Mama Bernadeta," Padre alisema kwa upole, "tunakujua una huruma. Lakini ukweli lazima usemwe."

"Padre, ndio ninaousema!"

"Umechoka, Mama. Umefanya kazi mwezi mzima."

"Wewe hukosei," Pius aliongeza, kana kwamba anamfariji mfiwa.

Hapo Bernadeta alipandisha hasira. Mtu amejikaza, ameimeza aibu yake nzima nzima, amekuja kuitapika mbele za watu, na watu wenyewe wanakataa kuipokea! "Nyie watu mna nini?" alifoka. "Mnaninyima hata kosa langu? Lete karatasi!"

Pius alileta. Bernadeta alihesabu nane nyeupe, akazikunja kwa pamoja katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo. Akaandika namba kila ukurasa, moja mpaka thelathini na mbili. Kisha akazikunjua, akazitandaza mezani.

"Suzana, mwanangu, fungua disketi yangu. Faili lile nililolileta mimi, si la kwako. Soma kila ukurasa unaanza na nini. Bwana Pius, wewe weka kidole hapa kwenye karatasi unifuate."

Suzana alikaa tena kwenye kiti ambacho dakika chache zilizopita hakikuwa chake. "Msalaba," alisoma.

"Thelathini na mbili," Bernadeta alijibu, na kidole cha Pius kikagusa namba ile kwenye karatasi ya kwanza.

"Jina la parokia."

"Moja."

Kidole kikasogea jirani. Wakaendelea hivyo, binti akisoma, mama akijibu, na kila alichojibu Bernadeta kidole cha Pius kilikuta kimeandikwa mbele yake. Walipofika Kashindye na Dorotea, Padre alikuwa amekwisha kuinama juu ya meza, miwani iko puani.

"Umechapa kitabu kikiwa tayari kimekunjwa," Pius alisema polepole.

"Nimechapa stensili kwenye kompyuta," Bernadeta alisema. "Kama mpumbavu. Binti huyu hana kosa."

Padre ndiye aliyeshindwa kwanza kujizuia. Alianza kwa kukohoa, akaendelea kwa kutikisika mabega, mwisho akacheka mpaka akatafuta leso. Pius akafuata. Bernadeta aliwatazama kwa hasira, halafu akamkumbuka Mzee Kija aliyeoa miaka ishirini na minne baada ya kuzikwa, na yeye pia kikamtoka kicheko kikubwa asichokijua kilikotoka.

Pius alijipangusa macho, akamgeukia Suzana. "Nisamehe, dada. Nimekuvunjia heshima bure."

"Na mimi, bosi, ningesoma kurasa tano tu ningegundua. Niliangalia mwanzo nikaridhika." Suzana alifuta shavu kwa kiganja. "Mama, njoo ukae hapa. Hatuchapi upya hata neno moja."

Alimwonyesha. Pembeni mwa skrini kurasa zote zilijipanga kama picha ndogo ndogo, na ukiibonyeza moja kwa kipanya unaweza kuivuta uipeleke unapotaka. Bernadeta alivuta msalaba mwenyewe, kutoka juu kabisa mpaka chini, akauachia, nao ukakaa. "Hee!" alisema, na hakuona haya kusema hivyo. Akavuta wa pili. Ishirini na tisa akaipeleka kwa wafu wenzake, tano akairudisha kwa maharusi. Suzana alimwachia kipanya, akawa anashangilia tu kila ukurasa ukitua mahali pake. Pius aliagiza soda, akasema karatasi za kurudia atazitoa yeye nusu, parokia nusu. Saa saba mchana kitabu kilisomeka moja, mbili, tatu mpaka mwisho, mashine ikawashwa.

Jioni ile Bernadeta alikataa lifti ya Padre, akarudi Igogo kwa miguu, viatu mkononi sehemu zenye mchanga. Alijisikia mwepesi, na alifurahi, furaha ya wazi ambayo hakuhitaji kuitafutia sababu. Alikuwa ameiogopa siku hii kwa miaka thelathini na moja. Kila cheti alichokichapa, kila jina alilolirudia kulikagua mara tatu, lilikuwa la kuizuia isifike. Sasa ilikuwa imefika, na ilikuwa Alhamisi ya kawaida tu, watu walicheka kidogo, kisha wakanywa soda.